Kabari Imeruhusiwa Kupanda, Imekatazwa Kushuka

*Risala ya Umoja wa Watu wa Kabari wa Mteremko wa Mbuzi kwa Mkaguzi wa Michezo kutoka Lubumbashi. Kalemie, Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1990.*

Mgeni rasmi,

Umetukuta katikati ya kazi, na tunaomba radhi kwamba wenzetu ishirini na sita hawakuja kukupa mkono. Mikono yao imeshika lori. Ukiinua macho upande wako wa kushoto utaliona: ni lile la bluu, limesimama kwenye kituo cha tano cha mteremko ukihesabu kutoka chini, na nyuma ya gurudumu lake kuna kipande cha mti wa mninga kilichofungwa kamba. Kipande hicho ndicho kabari. Bila hicho, lori lingekuwa limekwisha kukusalimu kabla yetu.

Tulikuwa tunalisukuma kwenda juu ili kesho liingie mashindanoni. Tuliambiwa utafika saa kumi, nasi tukapanga kumaliza saa tisa na nusu. Wewe umefika saa nane. Katika miaka yote ya kupokea wageni hapa, hatujawahi kumwona mgeni rasmi anayetangulia saa yake, na kwa hiyo hatukuwa na mpango wowote juu ya jambo hilo. Tumejifunza.

Aliyeshika kamba ya kabari ni mwenyekiti wetu, Papa Omer. Ameagiza tusome kwa sauti ya kawaida na watu wasipige makofi kwa nguvu, kwa sababu watu wake wakisikia shangwe watageuka kutazama.

KUKARIBISHA

Karibu Kalemie. Tunajua umekaa siku nyingi kwenye treni, na kwamba Kabalo mlilala mkingoja kichwa kingine cha treni. Akina mama wamekukaangia mikebuka, samaki wa ziwani wa asubuhi hii, na tunaomba uile ingali moto.

Katika kikao cha kuandika risala hii tulitumia muda mrefu kwa swali moja: tukuite Citoyen, yaani Mwananchi kama ilivyoamriwa zamani, au tukuite Monsieur, yaani Bwana? Tangu mwezi wa nne, serikali ilipolegeza amri zake, tie zimerudi shingoni na majina ya ubatizo yamerudi midomoni, lakini hatukupata karatasi yoyote inayosema mgeni aitwe nani. Mzee mmoja akashauri: "Mumuite yote mbili. Kama mambo inageuka tena mbele ya Jumamosi, moja itakuwa sawa." Mwishowe tulikubaliana kukuita Papa. Neno hilo halijakatazwa na mtu tangu tuzaliwe.

SISI NI NANI

Sisi ni watu thelathini na wanane. Kazi yetu ni kusimama kwenye ngazi ya nyuma ya lori, kuruka chini, kuweka kabari chini ya gurudumu, kuitoa, kukimbia na kupanda tena. Mjini wanatuita motoboy. Papa Omer, ambaye ni motoboy, ana wajukuu tisa.

Papa Mkaguzi, kwa kuwa huko Lubumbashi barabara nyingi ni za tambarare, turuhusu tueleze. Malori ya hapa ni ya zamani. Breki zake zinafanya kazi siku nyingine, na siku nyingine zinapumzika. Dereva anaposhuka Mteremko wa Mbuzi, hutoa mkono dirishani na kupiga mlango kwa kiganja mara mbili. Hiyo ni kusema: simamisha. Mtu wa kabari anaruka, anaweka mti, lori linasimama na kupoa. Halafu anavuta kamba, kabari inatoka, safari inaendelea hadi kituo kinachofuata. Vituo ni saba. Wakifika chini salama, dereva anapiga mlango mara tatu. Hiyo ni asante. Hakuna maneno mengine kati yao, na hayahitajiki, kwa sababu mmoja yuko mbele na mwingine yuko nyuma, na upepo unakula sauti.

Dereva hali chakula kabla mtu wake wa kabari hajala. Kabari haiuzwi, mtu akifa anaachiwa mwanawe au mkwewe. Haya hayakuandikwa mahali popote, na kwa sababu hiyo bado yanafuatwa.

HISTORIA YA MASHINDANO

Mashindano haya yalianza mwaka 1968. Wafanyabiashara wawili walibishana nani atawahisha mahindi kutoka Niemba hadi kwenye meli ya Kigoma. Mshindi alifika Jumatano. Aliyeshindwa alifika Jumamosi, akakuta meli imekwenda, akasema mwaka ujao watarudia. Wakarudia, na watu wakapenda.

Mwaka 1986 mafuta yalikosekana. Komite ya Mashindano ilikaa siku mbili na kuamua kwamba mashindano hayawezi kufa, bali yafupishwe. Wakaondoa sehemu zote zinazohitaji mafuta. Iliyobaki ni mteremko. Tangu mwaka huo malori yanashindana yakiwa yamezimwa: sisi tunayasukuma hadi juu, moja baada ya jingine, kisha yanashuka yenyewe, na Papa Jean-Baptiste, mwenyekiti wa Komite, anapima kwa saa yake ya mkononi.

Mwaka 1988 mahindi nayo yalikosekana. Tangu hapo mzigo ni mawe, na mawe yako huko huko juu, kwa hiyo hakuna gharama ya kuyapandisha. Tunataja haya ili Papa Mkaguzi aone kwamba Komite yetu haijawahi kushindwa na upungufu wa kitu. Kila kinachokosekana, wanapata njia ya kuendelea bila hicho. Mwaka huu wamefika kwenye kabari.

MAFANIKIO

Tangu mwaka 1974 tunaandika kila ushukaji katika daftari. Katibu wetu wa kwanza hakuwa amesoma. Alichora mstari mmoja kwa kila lori. Katibu wa sasa alijifunza kusoma kwa maandishi ya milango ya malori na kitabu cha garaji kilichokosa kurasa za mwisho, na kwa hiyo anaandika vizuri juu ya mambo yote isipokuwa jinsi yanavyomalizika.

Daftari linasema hivi. Ushukaji wenye kabari: mia nne na kumi na mbili. Malori yaliyopotea: hakuna. Madereva waliokufa: hakuna. Hasara kwa upande wetu: vidole vinne vya miguu, vya watu watatu.

Ushukaji wa dereva bila kabari: mmoja.

Huo mmoja tungeuweka mahali pengine katika risala. Komite ilituomba tuuweke hapa, kwenye mafanikio, kwa sababu ni rekodi. Tumetii.

Ilikuwa mashindano ya mwaka juzi. Dereva Ilunga, mtu wa Mpala, alikuwa na mtu wake wa kabari aliyelala na homa. Tulitaka kumpa mwingine. Komite ikasema majina yamekwisha kuandikwa, hayabadilishwi. Ilunga akashuka peke yake. Lori lenye kabari hushuka kwa dakika kumi na tisa, likikawia sana ishirini na mbili. Ilunga alishuka kwa dakika moja na nusu.

Mkewe, Mama Émérence, alikuwa amesimama chini, karibu na watu wa kuuza mihogo. Anasema alisikia mlango. Kwenye kituo cha kwanza cha kushuka, mara mbili. Kituo cha pili, mara mbili. Hakukuwa na mtu nyuma na Ilunga alijua, lakini mkono ulikuwa umezoea, ukaendelea kuita. Kufikia kituo cha sita haukuwa tena mara mbili. Ulikuwa unapiga bila kuhesabu.

Katika ripoti ya Komite imeandikwa kwamba dereva alishuka akipiga mlango kwa furaha ya ushindi.

Hatusemi waliandika kwa nia mbaya. Inawezekana kutoka mahali walipokaa ilionekana hivyo. Ilunga tulimzika Jumanne. Alhamisi Komite ilimletea Mama Émérence kikombe cha nafasi ya kwanza, na Papa Jean-Baptiste akasema maneno mazuri. Kikombe hicho kina mikono miwili na kinaingia unga wa kutosha watu watatu. Mama Émérence anapimia humo.

BARUA YA KOMITE

Mwezi wa tano tulipokea barua. Inasema kuanzia mashindano ya mwaka huu, vitu vitatu vinaondolewa wakati wa kushuka: kabari na mtu wake, kamba ambayo dereva anajifunga nayo kiunoni hadi kwenye kiti, na magunia ya pumba yanayowekwa kwenye kona. Atakayeonekana kwenye ngazi ya nyuma ya lori atalala kashoo, yaani mahabusu. Wakati wa kupanda, kabari inaruhusiwa, na watu wa kabari wanaombwa kujitokeza kwa wingi.

Barua hiyo inangoja sahihi yako, Papa Mkaguzi. Ni ile karatasi iliyo mezani mbele yako, chini ya chupa.

Tulipoipata, vijana wetu walitaka kukasirika. Papa Omer akawaambia: "Ngojeni. Muntu hawezi kukasirikia barua mara ya kwanza. Tuisome mara tatu." Tukaisoma mara tatu, kwa wiki tatu. Tumeona ina hoja tatu, na hatutaki kuzipita kama mtu anayepita msiba bila kuvua kofia.

Hoja ya kwanza inasema kabari ndiyo inayoshinda, si dereva. Kwamba dereva mwenye kabari anakuwa mzembe. Hii ina ukweli. Tunaye dereva mmoja, Cyprien, ambaye mwaka 1987 alianza kushuka akimenya muwa. Alipoulizwa, alijibu: "Mimi niko na wasiwasi ya nini? Nyuma kuko muntu." Tulihesabu, na kati ya madereva kumi na wanne, watatu wako hivyo. Lakini tulijiuliza pia: mtu akitembea ovyo kwa sababu ana viatu, dawa ni kumfundisha kutembea, au ni kuwavua viatu wote kumi na wanne? Tulimpa Cyprien mtu wa kabari ambaye ni baba mkwe wake. Tangu siku hiyo hamenyi kitu.

Hoja ya pili inatoka katika gazeti lenye picha ambalo Papa Jean-Baptiste alipata kwa Mgiriki mmoja wa bandarini. Linasema huko Ulaya, kwenye mashindano makubwa, watu wenye akili wanabishana kama vyombo vipya vya kumsaidia dereva vikatazwe, kwa sababu gari linajiendesha na uanaume unapotea. Komite inaandika: "Kama Ulaya wanaondoa, sisi ni nani tubaki nyuma?" Tuliliazima gazeti hilo kwa siku nne na kuzitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Dereva wa Ulaya amevaa kofia ngumu. Amefungwa mikanda mabegani na kiunoni. Nguo zake haziwaki moto. Kwenye kona kuna ukuta wa matairi. Nyuma ya ukuta kuna watu wenye mitungi ya kuzimia moto, na nyuma yao gari la wagonjwa, ambalo lina matairi yote manne. Tulihesabu vitu kumi na kimoja. Wanachobishania ni kitu cha kumi na mbili. Sisi tunavyo vitatu, na tunabishania vyote vitatu.

Hoja ya tatu ni fupi. Inasema watazamaji wanapungua kwa kuwa hakuna kinachotokea. Tunaiheshimu kuliko mbili za mwanzo, kwa sababu aliyeiandika hakuipamba.

JARIBIO LETU

Ili tusiseme mambo kwa hofu tu, tuliamua kufanya jaribio. Mwezi wa sita tulichukua mabaki ya lori la marehemu Ilunga: fremu, magurudumu na sanduku. Mama Émérence alituruhusu. Tulisawazisha usukani na kuufunga kwa kamba, tukapakia mawe ya uzito wa mashindano, tukazuia watu kupita, tukaliachia bila kabari na bila dereva.

Jaribio lilifanyika mara moja. Tulikuwa tumepanga mara tatu, lakini baada ya ile ya kwanza hakikubaki kitu cha kujaribia.

Lori halikusimama mwisho wa mteremko. Lilipita barabara, likapita mtaro, likaenda hatua thelathini na moja kwenye uwanja, likalala. Tulifanya kama tunavyofanya siku zote: tulipigilia vigingi vinne vya mti mahali pa magurudumu manne, tukavizungushia uzi, tukafyeka majani yaliyobaki ili vipimo visipotee. Kisha tukarudi nyumbani kuandika.

Hapa, Papa Mkaguzi, tulifanya kosa, na tunalikiri mbele ya watu wote. Hatukuandika kwenye vigingi kwamba ni vya nini.

Wiki mbili baadaye, mafundi wa Komite walikuja kutafuta mahali pa kujenga jukwaa la wageni. Wakakuta uwanja umefyekwa, vigingi vinne vimesimama kwa mraba, na uzi umenyooka. Wakamshukuru Mungu. Tulipopata habari, Papa Omer alikwenda kwa Papa Jean-Baptiste. Tulikuwepo, na tunaandika kama tulivyosikia.

"Papa Jean-Baptiste, vile vijiti njo vyetu."

"Ah, njo ninyi? Aksanti sana! Mulitusaidia kazi. Fundi alisema hajaona kipimo safi vile."

"Hapana, Papa. Ni pale kamyo ilisimama, ile lori ya Ilunga."

"Vizuri! Mugeni ataiona karibu."

"Papa, haikusimama kwa kupenda. Ilisimama kwa kuchoka."

"Weye Omer, tangu umeanza kusikia habari ya hii barua, kila kitu kwako ni kifo. Jukwaa imekwisha kujengwa. Nitaivunja namna gani? Niambie mugeni kama motoboy waliona ndoto?"

"Ukae weye mwenyewe pale, basi."

"Mimi niko na saa. Mwenye saa anasimama pembeni."

Nguzo nne za jukwaa hili, Papa Mkaguzi, zimesimikwa katika matundu yale yale. Kiti chako kimewekwa kwa heshima katikati, na kwa vipimo vyetu kiko sawasawa na mahali lilipolala sanduku la mawe. Tafadhali endelea kukaa. Leo hakuna hatari yoyote, kwa sababu leo malori yanapanda, na wakati wa kupanda kabari imeruhusiwa.

MAGUMU

Gumu letu kubwa lina jina: ni Firmin.

Firmin ndiye dereva wa lori lile la bluu. Ana miaka hamsini na mmoja. Lori si lake, ni la Papa Jean-Baptiste. Kesho saa nne, kama karatasi ile itakuwa na sahihi, Firmin atashuka wa kwanza, bila kamba kiunoni, bila gunia kwenye kona, bila mtu nyuma. Breki ya lori lile tuliifungua Jumatano kwa nia ya kuitengeneza. Tuliifunga tena, kwa kuwa hatukukuta kitu cha kutengeneza. Akikataa, lori atapewa mwingine siku hiyo hiyo, na Firmin hana kazi nyingine anayoijua, wala shamba, wala mtumbwi.

Tulimwuliza kikaoni kama atashuka. Akasema atashuka. Tulimwuliza kama anaogopa. Akasema hilo swali tumwulize mkewe. Mama Adrienne alikuwepo, amekaa na wanawake wenzake upande wa mlango. Hakusimama. Alisema: "Mimi sitaki kikombe. Niko na vikombe." Halafu akaendelea kuchambua maharage yake, na katibu akasahau alikuwa anaandika ajenda ya ngapi.

Firmin na Papa Omer wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Wanataniana kila siku, na asiyewajua anaweza kudhani ni maadui. Leo asubuhi, tukiwa tunafunga kamba za kuvutia, waliongea hivi.

Firmin akasema: "Papa Omer, kesho utapumzika. Hata siku moja haujaona uso ya hii kamyo, unajua matako yake tu. Kesho utaiona ikikuja."

Omer akajibu: "Na weye utasumbuka. Umezoea kunipigia mulango hata ukiona kuku."

"Ile siku haikukuwa kuku. Ilikuwa mbuzi."

"Kuku, Firmin. Kuku ya Mama Philomène. Nilishuka, nikaweka kabari, kamyo nzima inasimama juu ya kuku. Nikasema sawa, shofere wangu ni muntu wa huruma."

Watu wakacheka. Firmin akacheka kuliko wote. Kisha akauliza, akiwa bado anatabasamu: "Kesho utakuwa wapi?"

"Nyuma."

"Barua inakatala. Utalala kashoo."

"Nitalala. Kashoo haina muteremko."

"Papa Omer, usikuwe mutoto. Weye uko na bajukuu."

"Njo maana nitakuwa nyuma. Wataniuliza."

Firmin alikwenda upande wa pili wa lori akajifanya anakagua tairi, na alilikagua kwa muda mrefu zaidi ya inavyohitajika kwa tairi lililokwisha kulika kashata zake likawa laini.

Hilo ndilo gumu letu. Kama sahihi itawekwa, kesho mmoja wao atavunja amri au mwingine atashuka peke yake. Sisi ni watu wa kutii. Hatukuwahi kupanga kuwa kitu kingine, na umri wetu si wa kuanza.

MAOMBI

Papa Mkaguzi, hatuombi fedha, kofia wala sare. Tunaomba mambo yafuatayo, na tumeyapanga kuanzia dogo.

Tunaomba Komite iruhusiwe kuendelea kutafuta njia ya kuwafurahisha watazamaji. Hiyo ni haki yao. Sisi wenyewe tumewatafutia moja. Badala ya kumpa ushindi anayefika chini haraka, apewe anayesimama vizuri. Tuchore mstari wa chokaa kwenye kila kituo, vituo saba. Dereva anapiga mlango, mtu wa kabari anaruka, na gurudumu linalosimama karibu zaidi na mstari linapata alama. Tulijaribu mwezi uliopita kwa malori mawili. Watu walikuja kutoka sokoni bila kuitwa, wakabishana hadi jioni juu ya upana wa vidole viwili. Wawili walitaka kupigana. Mama mmoja aliacha mihogo yake ikaungua. Kwa hiyo hatuamini kwamba kifo ndicho kitu pekee kinachotazamika.

Tunaomba pia, kama bado inaonekana kabari inaharibu uanaume, basi ikatazwe kwa usawa. Ikatazwe kushuka na ikatazwe kupanda, na wajumbe wa Komite, ambao hawana kasoro ya namna hiyo, waje kushika mahali petu nyuma ya lori kuanzia kituo cha tano.

Tunaomba kwamba katika ripoti ya mwaka juzi, mstari unaosema Ilunga alipiga mlango kwa furaha ufutwe. Si lazima kuandika kingine mahali pake. Mama Émérence anajua alichokuwa anasema.

Na tunaomba usiweke sahihi.

Tumejaribu kuandika ombi hili la mwisho kwa maneno marefu zaidi, kama inavyostahili risala. Tuliandika kurasa mbili, tukazisoma, tukaona zinasema hilo hilo.

MWISHO

Papa Mkaguzi, tunakushukuru kwa kutusikiliza. Tumeambiwa hapa kwamba Papa Omer anaomba ruhusa ya kusimamisha kazi ya leo. Mteremko huu umeelekea ziwani, jua linaingia nyuma ya mlima mapema, na kivuli kimekwisha kufika kituo cha sita. Sheria yetu ya kwanza inasema mtu asiyeliona gurudumu haweki kabari. Lori litalala pale lilipo. Watu wanane watapeana zamu kwenye kamba, na wengine watateremka sasa kuja kukupa mkono. Uwavumilie, mikono yao ina vumbi.

Vimebaki vituo viwili. Tutaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kawaida vituo viwili ni kazi ya saa moja na nusu, na mashindano yamepangwa saa nne, kwa hiyo muda unatosha. Lakini kama hadi tunaanza utakuwa hujaamua juu ya karatasi ile, usijisumbue na usiharakishwe na mtu. Tutasukuma polepole. Wengi wetu si vijana, kamba ni ya zamani, na barua ya Komite tuliyoisoma mara tatu haisemi popote kwamba tunatakiwa kufika juu saa ngapi.

Mungu akulinde safarini, ailinde nyumba yako, na akupe usingizi mwema usiku huu.

Ni sisi wako,

UMOJA WA WATU WA KABARI
Mteremko wa Mbuzi, Kalemie

Imesomwa na katibu, Banza Télesphore, kwa niaba ya mwenyekiti Papa Omer, ambaye bado ameshika kamba.